Paul Morphy: Msee Aliyetoa Askari Wake Kwa Ubao na Bado Dunia Ikamuogopa

Kama huwa unacheza chesi kwa simu, huenda ushakutana na Leela. Ni injini ya chesi, yaani programu inayocheza yenyewe, na kwa mtandao wa Lichess iko na tabia moja ya dharau: kabla mechi ianze inatoa farasi wake mmoja kwa ubao, halafu inakungoja. Wewe uko na jeshi kamili, yeye amepungukiwa. Na bado, manze, dakika chache baadaye mfalme wako amezingirwa kwa kona na unashangaa hiyo ngori imetoka wapi.

Usiskie vibaya. Hata magrandimasta, watu ambao hii ndiyo kazi yao, wamelimwa na hiyo kitu kwa mechi za haraka.

Mtaani hii maneno tunaijua. Ukiingia kwa pool table ukiwa mgeni, kuna yule fundi wa base atakuambia anakupea mipira miwili ndio mechi inoge. Kwa drafti kuna mzee atatoa kete yake moja na bado akufunge kabla chai ipoe. Si roho safi hiyo. Ni njia ya kukuambia, bila matusi, kwamba mkicheza sawa kwa sawa hakuna mechi hapa.

Sasa kuna msee aliwahi kuambia dunia nzima hivyo. Ilikuwa 1859, zaidi ya miaka 80 kabla kompyuta ya kwanza ya maana iwashwe. Aliitwa Paul Morphy, kijana wa miaka 20 na kitu, na alipotoa hiyo ofa hakuna mtu alikuja. Kaa hapo kidogo nikupee stori yake, juu haiishi venye ungedhani.

Morphy alizaliwa 22 Juni 1837 huko New Orleans, jimbo la Louisiana, Marekani. Familia ilikuwa ya masonko. Buda yake, Alonzo, alikuwa wakili aliyepanda hadi akawa jaji wa Mahakama Kuu ya Louisiana. Mathe yake alitoka kwa familia ya Kifaransa na alikuwa mtu wa muziki sana. Kejani kwao waliongea Kifaransa, Kiingereza na Kihispania, piano ikilia sebuleni. Na tusijifanye hatujui hizo pesa za mji zilitoka wapi: New Orleans ya wakati huo ilikuwa kati ya masoko makubwa zaidi ya watumwa Marekani. Hilo ni la kukumbuka ukiskia stori tamu za mtoto na piano.

Chesi ilikuwa mchezo wa familia. Buda alicheza, na anko yake Ernest alikuwa moto sana. Inasemekana hakuna mtu alikaa chini kumfundisha Paul. Alikuwa tu anakaa kando akicheki watu wazima, na siku moja akawaambia ni wapi mmoja wao alikuwa ashinde. 1845, akiwa na miaka 8, kulikuwa na mechi kubwa hapo New Orleans kati ya Charles Stanley na Eugène Rousseau, na anko Ernest alikuwa upande wa Rousseau. Paul alipelekwa kutazama. Shika hilo jina la Stanley, litarudi.

Mwaka uliofuata, stori inasema, Jenerali Winfield Scott alipita mjini akienda vita vya Mexico akataka mtu mzuri wa kucheza naye. Akaletewa katoto. Jenerali akadhani anachezewa shere, akakasirika, akakubali shingo upande, halafu akapigwa mara mbili. 1850 akaja Johann Löwenthal, mtaalamu wa Hungary aliyekuwa amekimbia kwao baada ya mapinduzi kushindwa. Huyo hakuwa jenerali wa kucheza wikendi, alikuwa mmoja wa wazuri wa dunia. Paul alikuwa na miaka 12. Löwenthal hakuambulia ushindi hata mmoja.

Hapa kwetu mtoto kama huyo angepigwa picha hadi achoke. Kwao haikuwa hivyo. Chesi ilikuwa kitu cha Jumapili, kama vile wewe buda yako anakubali ucheze boli bora tu usimwambie ati ndiyo kazi unataka. Paul alitumwa shule, Spring Hill College karibu na Mobile, Alabama. Huko alisoma kwa bidii na hakucheza sana, isipokuwa alimfunza rafiki yake mmoja, Charles Maurian. Kwa vile Maurian alikuwa anaanza, Morphy alikuwa anatoa kete zake nzito kwa ubao ndio angalau mechi iwe mechi, na Maurian akizidi kuwa fiti, anampunguzia. Huo urafiki wa kupeana kete ulidumu maisha yote.

Akarudi New Orleans kusomea sheria, akamaliza Aprili 1857. Inasemekana alikuwa amekariri sheria za Louisiana karibu kitabu kizima. Tatizo moja tu: miaka yake ilikuwa 19, na kisheria hungeruhusiwa kuwa wakili hadi ufikishe 21. Kwa hivyo digrii iko, kazi haiko. Hiyo hali naona wengi wenu mnaielewa bila kuelezwa.

Ndio hapo chesi ikamchukua. Vuli ya 1857 ilifanyika New York kongamano la kwanza la chesi la Marekani, mashindano ya mtoano. Morphy alianza kwa kumchapa James Thompson mechi tatu kwa nunge, akaendelea kupanda hadi fainali akakutana na Louis Paulsen, msee mpole aliyekuwa na ugonjwa mmoja: kufikiria. Saa za mchezo hazikuwa zimeanza kutumika, na Paulsen angekaa zaidi ya saa nzima kwa hatua moja. Morphy alikuwa anasukuma kwa dakika chache tu halafu anangoja, anangoja, anangoja. Kwa mechi moja akatoa malkia wake makusudi, watu wakadhani mtoto amechoka, kumbe ndio alikuwa amefunga kazi. Akashinda tano, akapoteza moja, sare mbili. Bingwa wa Marekani.

Na sasa sikiza vizuri. Baada ya kushinda, akiwa bado New York, alitoa ofa kwa wachezaji wa hapo: mtu yeyote aje, atampea askari mmoja na hatua ya kwanza. Aliyekubali mechi ni Charles Stanley, yule yule ambaye Paul alimtazama akiwa na miaka 8. Stanley alikuwa ndiye kama bingwa wa nchi miaka hiyo ya nyuma. Akapewa askari, akapewa kuanza, akapigwa.

Wacha nieleze hiyo askari na hatua ni nini, kwa wale hawachezi. Kila mtu ana askari wanane mstari wa mbele, wale wadogo. Anayetoa zawadi anachukua kete nyeusi, kwa hivyo mwenzake ndiye anaanza, na kabla ya kuanza anaondoa askari aliye mbele ya askofu wa upande wa mfalme. Unaweza kusema askari ni kitu gani, si ni mmoja tu? Shida ni kwamba huyo si askari wa kawaida. Ndiye amefunga mlango wa mfalme. Akitoka, kuna njia ya kinyume inayoenda moja kwa moja hadi kwa mfalme, na malkia wa adui anaweza kuingilia hapo asubuhi na mapema. Ni kama kutoka keja ukiacha funguo kwa mlango, halafu unaambia wezi muda utakaorudi.

Kulikuwa na ngazi za hizi zawadi. Chini kabisa ni hatua ya kwanza tu. Halafu askari na hatua moja, askari na hatua mbili, halafu farasi, halafu ngome, hadi malkia mzima kwa wale wa kuanza. Karne hiyo ilikuwa kawaida kabisa. Ungeingia klabu ya London au mkahawa wa Paris, mwenye nguvu na mnyonge wangepatana kwanza bei ya kete ndio wakae chini, haswa kama kuna doo imewekwa mezani.

Juni 1858 Morphy alivuka bahari hadi Uingereza. Alikuwa anamtafuta mtu mmoja: Howard Staunton, mzee wa mchezo huko, mwenye safu yake ya chesi kwa gazeti la Illustrated London News. Klabu ya New Orleans ilikuwa imeshamwalika kwa mechi ya dola 5,000 kila upande, akasema ni mbali. Sasa mtoto amekuja mwenyewe hadi mlangoni. Staunton akasema sawa, tutacheza, lakini nijiandae. Halafu akasema yuko bize na kazi ya kuhariri tamthilia za Shakespeare. Halafu wiki zikapita. Kwa haki yake, kazi ya Shakespeare ilikuwa ya kweli na mkataba ulikuwepo. Lakini muda wa kumpiga Morphy vijembe kwa gazeti aliupata. Hiyo mechi haikuwahi kufanyika, na ilimuuma Morphy vibaya.

Kwa kungojea, aliwachapa wengine. Löwenthal, yule wa 1850, sasa akiwa London, akaomba marudiano na akalala mechi tisa kwa tatu na sare mbili. Inasemekana Morphy alichukua zile pauni 100 za ushindi akamnunulia Löwenthal fanicha za nyumba yake mpya zenye bei kushinda hizo pesa. Kuna padre mmoja pia, John Owen, mmoja wa wachezaji wazuri wa Uingereza, ambaye alidhani mkicheza kwa askari na hatua Morphy atakuwa amejichimbia. Morphy akampea huyo askari. Matokeo: Morphy tano, padre nunge, sare mbili. Hakushinda hata moja, na alianza kila mechi mbele.

Septemba akafika Paris, kwa Café de la Régence, mkahawa ambao kwa chesi ulikuwa kama uwanja wa taifa. Mfalme wa hapo alikuwa Daniel Harrwitz. Morphy alipoteza mbili za kwanza, watu wakaanza kunong'ona, halafu mwisho wa mechi Harrwitz alikuwa amelala tano kwa hizo mbili. Zile faranga 290 za ushindi Morphy hakutaka kuziweka mfukoni, akaziweka zisaidie nauli ya Adolf Anderssen kutoka Ujerumani. Unacheki tabia? Hizo pesa zilimkaa kama uchafu mkononi. Nitarudi hapo.

Kwa mkahawa huo huo alikaa akipea watu wanane kisogo, akacheza nao wote kwa wakati mmoja bila kuona ubao hata mmoja. Alikuwa anataja hatua kwa mdomo tu. Ilichukua kama saa kumi na hakula kitu. Alishinda sita, sare mbili, na umati ukataka kumbeba.

Halafu ikaja ile ya opera. Duke wa Brunswick alikuwa na kiti chake cha kifahari karibu na jukwaa, na alikuwa mraibu wa chesi kushinda muziki. Akamwalika Morphy, ambaye masikini alienda kuskia muziki. Wakamketisha mbele ya ubao, na inasemekana kiti chake kilipea jukwaa mgongo. Duke na rafiki yake Count Isouard wakaungana, wawili kwa mmoja. Morphy akawamaliza kwa hatua 17 tu. Akatoa farasi, akatoa ngome, mwisho akatoa malkia, na chekimeti ikawekwa na kete mbili zilizobaki, ngome na askofu. Huyo mchezo ndio watoto hufundishwa wa kwanza kwa klabu za chesi karibu dunia nzima hadi leo. Mimi naona aliwamaliza haraka ndio ageuke asikize nyimbo.

Desemba Anderssen akafika. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mshindi wa mashindano makubwa ya London ya 1851, na wengi walimwona ndiye namba moja. Morphy alikuwa mgonjwa kitandani hotelini, ametolewa damu kwa ruba kama matibabu ya siku hizo, hata kusimama ilikuwa shida. Walicheza hapo hapo hotelini. Morphy saba, Anderssen mbili, sare mbili. Anderssen alikubali yaishe bila visingizio, jambo ambalo Staunton hakuwahi kufanya.

Sasa jiweke kwa viatu vyake. Umri ni miaka 21. Umewachapa wote waliokubali kukaa mbele yako. Yule mmoja aliyebaki anajificha nyuma ya Shakespeare. Unafanya nini?

Morphy alisema kuanzia hapo hachezi mechi rasmi na mtu sawa kwa sawa. Yeyote, popote, aje achukue askari na hatua. Na alikuwa anamaanisha. Kwa James Thompson, yule wa raundi ya kwanza New York, alienda mbali zaidi 1859: alimpea farasi mzima, na akamshinda mechi hiyo. Lakini kwa ile ofa kubwa, ya dunia, simu haikulia. Na fikiria kwa nini. Ukikubali, umekiri mbele ya watu kwamba wewe ni mdogo. Ukishinda, watasema si ulikuwa na askari zaidi. Ukishindwa, jina limeenda. Hakuna mlango wa kutokea. Mastaa wote wakanyamaza, na Morphy akabaki na taji ambalo hakuna mtu alikuwa tayari kulipigania.

Hapa ndipo naona injini zimemzidi, na si kwa akili pekee. Ofa ile ile, leo watu wanaikimbilia. Baada ya Deep Blue kumpiga Kasparov 1997, ilichukua miaka kumi hivi mechi za sawa kwa sawa ziishe utamu, kwa sababu mtu hana nafasi. Ndio wakarudi kwa ngazi ya zamani. 2007 injini ya Rybka ilimpea grandimasta Jaan Ehlvest askari kila mchezo na ikamshinda. 2008 ikampea Roman Dzindzichashvili askari na hatua, dizaini ya Morphy kabisa, wakatoka sare. Januari 2016 Komodo ilicheza na Hikaru Nakamura, mmoja wa wakali zaidi wa dunia, michezo minne ikimpea kitu tofauti kila mara. Tatu zikaisha sare, ya mwisho Komodo ikachukua. Nakamura hakuona aibu, na hakuna aliyemcheka. Kupewa askari na mashine si matusi. Kupewa na kijana wa miaka 21 anayekula chakula kama wewe, hiyo ni ngumu kumeza.

Na kuna jambo lingine tamu hapo. Si kila injini inajua kutoa farasi. Injini ya kawaida inadhani wewe utajibu kila kitu vizuri kabisa, kama yenyewe. Ukiipunguzia farasi, inahesabu inaona imeshapoteza, na inaweza kukubali kubadilishana kete moja kwa moja hadi mbaki na mwisho mwepesi, ambapo farasi wako wa ziada anatosha kuimaliza. Leela ya kutoa farasi imefunzwa tofauti. Inajua imecheza na mtu anayekosea. Kwa hivyo haikubali kubadilishana ovyo, inaweka ubao umejaa, inachanganya mambo, inakuletea maswali mengi hadi uchoke, halafu unateleza.

Sasa angalia michezo ambayo Morphy alitoa farasi. Ni hivyo hivyo. Kete zote nje haraka, njia zifunguliwe, mfalme wa adui asipumue. Hakuwa anacheza na ubao peke yake, alikuwa anacheza na mtu. Hakuna mtu alimfunza hiyo, na hakuacha kitabu chochote cha kuieleza.

Mei 1859 alirudi New York kama shujaa. Alipewa seti ya chesi ya dhahabu na fedha, akapewa saa ya dhahabu ambayo badala ya namba ilikuwa na kete za chesi. Boston wakamfanyia karamu na waandishi na maprofesa wakubwa wa nchi wakahudhuria. Lakini kwa hafla ya New York kulitokea kitu. Mmoja wa waandalizi alizungumza kana kwamba chesi ni kazi ya Morphy, na kijana akakasirika vibaya, hadi yule mzungumzaji akajitoa kwa kamati. Morphy mwenyewe akasimama akasema chesi ni starehe tu, isichukue nafasi ya mambo mazito ya maisha.

Kwa watu wa tabaka lake, mtu anayeishi kwa pesa za mchezo alikuwa karibu na mcheza kamari. Wakili, ndiyo. Jaji kama buda, ndiyo. Mcheza chesi, hapana. Kwa hivyo alikuwa bora duniani kwa kitu ambacho yeye mwenyewe, ndani ya moyo, hakukiheshimu kama kazi. Hapo ndipo naona stori yake inauma, kushinda hata ule mwisho.

1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, Kusini ikijitenga ili ilinde utumwa. Morphy hakuwa mtu wa bunduki. Mwaka uliofuata aliondoka akapitia Havana, Cuba, kisha Paris. Huko Havana alicheza bila kuona ubao, na kati ya waliokaa upande wa pili alikuwemo mtu mweusi aliyeitwa Félix, mtumwa, ambaye mjini alijulikana kuwa mchezaji mzuri. Morphy alikuwa anapea watu askari na farasi ili mechi iwe ya haki. Félix alikuwa amenyimwa kila kitu kingine, na kwa ubao bado alikuwa fiti. Siwezi kukuambia zaidi kuhusu huyo jamaa, lakini mimi humfikiria kuliko hata Duke wa Brunswick.

Aliporudi New Orleans alifungua ofisi ya uwakili. Haikuenda popote. Watu waliingia, ndiyo, lakini si kuleta kesi. Walikuja kumuona yule mtu wa chesi. Inasemekana pia kuna dem alimpenda, na akakataliwa kwa sababu hakutaka kuolewa na mcheza chesi tu. Sijui kama ni kweli, lakini stori kama hiyo huzunguka tu pale watu tayari wanaiamini.

Alibaki kucheza na mtu mmoja: Maurian, wa shuleni. Na bado walicheza kwa ile njia ya zamani, Morphy akitoa farasi. Shida ni kwamba Maurian alikuwa amekua, na sasa farasi mzima ilikuwa nyingi, alianza kushinda. Michezo ya mwisho ya Morphy tunayoijua ni hiyo, 1869, na Maurian, akiwa bila farasi. Hakuwa na miaka 33.

Baada ya hapo akili ilianza kumsumbua. Aliamini shemeji yake amemdhulumu urithi. Aliogopa kuwekewa sumu, akawa anakula tu chakula kilichopikwa na mathe au dada yake. Familia ilijaribu kumpeleka mahali pa wagonjwa wa akili, na inasemekana alijitetea kisheria vizuri hivi kwamba wenyewe wakakataa kumzuilia. Wakili bora ambaye hakuwahi kupata mteja, akashinda kesi yake ya pekee.

1882 mtu mmoja alikuwa anaandika kitabu cha watu maarufu wa Louisiana akataka kumweka kama mcheza chesi. Morphy akamjibu kwa barua yenye hasira: yeye si mcheza chesi wa kazi, na buda yake alimwachia mali ya dola 146,162 na senti 54. Hadi senti alizitaja. Mwaka uliofuata Wilhelm Steinitz, ambaye baadaye alikuwa bingwa rasmi wa kwanza wa dunia, alikuja New Orleans akatamani kumuona. Walikutana barabarani kwa muda mfupi, na kwa sharti kwamba chesi isitajwe.

Tarehe 10 Julai 1884, mchana wa joto kali, Morphy alitoka kutembea kama kawaida yake, akarudi na kuingia kwa maji ya kuoga. Mathe yake alimkuta humo amekufa. Alikuwa na miaka 47. Walimzika mjini kwao, makaburi ya St. Louis namba moja.

Ile nyumba ya Royal Street alimofia bado iko. Siku hizi ni mkahawa, Brennan's, unajulikana kwa kiamsha kinywa. Watu huingia hapo asubuhi, wakaagiza mayai, na wengi wao hawajui ni kejani kwa nani.